Paa Jeusi Kwenye Gari la Paa Gumu la Kukunja: Mwongozo Kamili wa Kubandika Stika Bila Kuchana Raba

Magari ya paa gumu la kukunja yanayoletwa kwangu hapa Njiro, Arusha, kurekebishwa stika huwa na kidonda kilekile. Juu paa linang'aa, katikati hakuna hata povu moja, lakini ukilifungua ukachungulia kwenye maungio unakuta stika imejikunja kama ganda la kitunguu, imebeba vumbi, na mara nyingine imeng'ang'ania raba ya kuzuia maji mpaka ikaichana. Mvua ya kwanza ikinyesha, maji yako kwenye kiti.

Fundi aliyefanya kazi hiyo aliliona paa kama uso mmoja, kama paa la Noah au la IST. Lakini hili ni vipande viwili au vitatu, na kwenye Volkswagen Eos ni vitano, ambavyo hupishana na kulaliana ndani ya buti kwa nafasi finyu sana. Kila kipande kinabandikwa peke yake, na kazi nzima inaamuliwa na milimita tano za mwisho za ukingo.

Mwongozo huu ni wa mwenye Mercedes SLK, BMW Z4, Toyota Soarer, Daihatsu Copen, Mazda MX-5 ya paa gumu, Peugeot 207 CC na jamaa zake, anayetaka paa jeusi na bado alifungue jioni akishuka Tengeru bila wasiwasi. Tenga siku zisizopungua tatu: moja ya maandalizi, moja ya kubandika, na moja au zaidi ya kuliacha gari litulie.

## Amua kwanza weusi uishie wapi

Paa la mengi ya magari haya hulala ndani ya buti, kwa hiyo buti lazima liwe refu na la juu. Ukiliangalia gari ubavuni likiwa na rangi moja, uzito wote unaonekana umekaa nyuma. Paa jeusi linaupunguza uzito huo, kwa sababu jicho linasoma rangi ya bodi kuanzia mlangoni kwenda chini na kuliacha paa liungane na vioo. Ndiyo maana linapendeza. Ila linapendeza likiishia mahali pake.

Mstari ninaoufuata ni huu. Anza na fremu ya juu ya kioo cha mbele, pamoja na nguzo zake mbili. Endelea na paneli zote zinazokunjika, zikiwemo zile za pembeni mwa kioo cha nyuma. Ishia pale paneli ya mwisho inapokutana na mfuniko wa buti. Usivuke.

Wengi huziacha nguzo za kioo cha mbele zikiwa na rangi ya bodi kwa sababu zina kona ngumu. Matokeo yake paa linaonekana kama kofia ya kuazima. Wengine wanaingia hadi kwenye mfuniko wa buti wakidhani gari litaonekana la kimichezo zaidi. Hapo unairudisha ile nyuma nzito uliyokuwa unaikimbia, tena ukiwa umeipaka wino.

Bodi ya fedha, nyeupe, nyekundu au ya kijani kibichi inapokea weusi vizuri. Kama gari ni la bluu iliyokolea au kijivu cha mkaa, tofauti haitaonekana hatua kumi kutoka hapo, na sioni sababu ya gharama hiyo. Nissan Micra C+C paa lake ni la kioo, liache lilivyo. Eos ina paneli ya kioo cheusi mbele tayari, hivyo eneo la kubandika ni dogo, lakini raba zake ni nyingi na zinapishana kwa karibu mno. Isiwe gari lako la kwanza kujifunzia.

Kuhusu aina ya weusi: nyeusi ya kung'aa inaufanya mstari wa kioo cha mbele na paa uonekane kitu kimoja, na kwa SLK au Z4 siioni ya kuishinda. Shida yake ni mikwaruzo ya kufutwa vumbi kwa kitambaa kikavu. Kama unaegesha barabara ya vumbi kila siku, chukua ile yenye mng'ao hafifu wa hariri. Nyeusi butu kabisa sikushauri: alama ya kiganja chenye mafuta inakaa pale mpaka uifuate kwa spiriti.

Usigandishe paani pezi la antena wala kitu chochote kinachochomoza, kwa sababu kipande hicho kinakwenda kulala chini ya kingine. Na usifunge spoila nzito juu ya buti. Mfuniko wa buti wa mengi ya magari haya hufunguka pande mbili: kama buti la kawaida unapoweka mzigo, na kuelekea nyuma unapolipisha paa. Uzito wowote unaouongeza unabebwa na mitambo iliyopimwa kwa mfuniko mtupu.

Jambo la karatasi: kadi ya gari imeandikwa rangi. Paa peke yake haliibadilishi rangi kuu ya bodi, lakini ukishawishika kuvalisha gari zima, pita TRA, Mamlaka ya Mapato, ukabadilishe taarifa kabla trafiki hajakuuliza pale Kisongo.

## Vifaa

Viwe mezani vyote kabla hujagusa gari. Ukikimbilia dukani katikati ya kazi, vumbi linaingia chini ya stika.

- Stika ya kumimina, si ile ya kusukumwa kwa rola. Hukatwa kwa mita na upana wake wa kawaida ni sentimita 152. Kwa gari la viti viwili mita 3 zinatosha na kubaki. Kwa la viti vinne chukua 4.
- Kipangusio cha plastiki chenye ukingo wa kitambaa laini, na kingine kidogo chembamba cha kuingizia stika kwenye maungio.
- Hita ya mkono na kipimajoto cha miale.
- Tepu ya uzi wa kukatia stika. Inabandikwa chini ya stika, kisha unavuta uzi nao unakata.
- Tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi.
- Spiriti ya isopropili, taulo safi za maikrofaiba zisizopungua sita, na glavu zisizo na unga.
- Udongo wa kusafishia rangi na shampuu ya gari isiyo na nta.
- Kiondoa nta na mafuta, kile mafundi rangi wanachofutia bodi kabla ya kupiga rangi.
- Chaki nyeupe ya ubaoni, kipande kimoja.
- Vipande vya karatasi ya daftari, upana wa vidole viwili.
- Mhimili wa mbao uliovishwa taulo, wa kushikilia paa likiwa nusu wazi.
- Mtu wa pili. Hili si ombi.

Neno moja kuhusu stika. Ya kumimina hutengenezwa ikiwa majimaji, ikakaukia kwenye umbo lake, hivyo haitoki kiwandani na kumbukumbu ya kuvutwa. Ya rola imesukumwa kwa nguvu mpaka ikawa nyembamba, na ikipigwa jua inataka kurudi ilikotoka. Kwenye ubavu wa basi haina neno. Kwenye ukingo wa paa la kukunja inarudi nyuma milimita mbili, inaacha gundi wazi, na gundi inakutana na raba.

Kama humwamini muuzaji, kata mraba wa sentimita 10, ubandike juu ya bati safi, uache juani kwa wiki. Ukiona mstari wa gundi kuzunguka mraba, hiyo stika imesinyaa. Irudishe.

## Hatua ya 1: Hakikisha paa ni zima

Peleka gari nje, washa injini, kisha fungua na ufunge paa mara tatu. Injini iwe inaunguruma kwa sababu mfumo unakula umeme mwingi, na betri iliyochoka inaweza kuliacha paa limesimama angani. Pima muda kwa simu. SLK ya kizazi cha pili (R171) inachukua sekunde 22 hivi, MX-5 ya paa gumu ni kama 12. Kama lako linasitasita au upande mmoja unatangulia mwingine, tengeneza kwanza. Stika haitibu haidroliki.

Kama paa linakataa kabisa kuanza, angalia kizuizi cha mizigo ndani ya buti, lile pazia linalotenga mzigo na nafasi ya paa. Kisipovutwa na kufungwa mahali pake, magari mengi ya aina hii hayakubali kulikunja paa. Nimeona watu wakifungua mafyuzi kumbe kilichokosekana ni hicho.

Sasa jaribio la karatasi. Weka kipande cha karatasi juu ya raba, funga paa, kisha kivute. Kinatakiwa kikaze mkononi na kutoka kwa shida. Rudia kila baada ya sentimita 20 kuzunguka maungio yote, na chora ramani: hapa imekaza, hapa imelegea.

Umefaulu kama: paa linakwenda laini mara tatu mfululizo, na una ramani mkononi. Utaihitaji mwishoni. Bila hiyo hutajua kama kuvuja kumeletwa na stika au kulikuwepo kabla.

## Hatua ya 2: Chora mpaka wa raba kwa chaki

Hii ndiyo hatua ambayo sijaona fundi akiifanya, na ndiyo inayookoa kazi.

Sugua chaki kwenye mgongo wa raba zote zinazogusa paneli: za juu ya kioo cha mbele, za kati ya paneli na paneli, na za vioo vya milango. Iwe kama unga mwembamba tu. Funga paa mpaka mwisho, subiri dakika moja, fungua tena.

Angalia kingo za paneli. Utaona mstari mweupe pale raba ilipokanyaga. Sehemu nyingine mstari uko ndani kabisa, chini ya mkunjo wa bati. Sehemu nyingine umepanda hadi juu, milimita nne au tano kutoka ukingoni. Kwenye Copen moja ya rangi ya maziwa niliyofanyia kazi, kona ya kushoto mbele mstari ulikuwa ndani, na kona ya kulia umepanda juu, kwa sababu paa lilikuwa limekaa upande kidogo. Kama ningekata pande zote sawa, kulia raba ingekuwa inatembea juu ya stika kila siku.

Bandika tepu ya karatasi kando ya mstari wa chaki, upande wa nje, kisha piga picha kila kona kwa simu. Chaki itafutika ukisafisha; picha zitabaki.

Kanuni ni mbili tu:

Pale mstari ulipo ndani na ukingo wa bati uko huru, stika itakunjwa kuingia ndani milimita 5 na kuishia hapo.

Pale mstari umepanda juu, stika itaishia milimita 2 kabla ya mstari. Utabaki na uzi mwembamba wa rangi ya bodi. Paa likifungwa raba inaufunika wote au karibu wote.

Onyo: kufikia baadhi ya kingo lazima paa lisimame nusu. Usiweke mkono wala kichwa chini yake kabla ya kuliwekea mhimili wa mbao na kuzima gari, funguo mfukoni mwako. Msukumo wa haidroliki unapungua polepole, na paa linaweza kushuka lenyewe. Mtu wa pili asimame karibu na mhimili muda wote.

## Hatua ya 3: Osha, kisha fukuza mafuta ya raba

Osha paa kwa shampuu isiyo na nta. Pitisha udongo wa kusafishia rangi ukiwa umelowanisha uso, mpaka kiganja kiteleze bila kukwaruzwa. Vumbi letu la Arusha, lile la asili ya volkano, lina chembe ngumu kuliko linavyoonekana, na chembe moja chini ya nyeusi ya kung'aa inaonekana kama chunusi.

Wakati uko hapo, fungua mifereji ya maji. Iko kwenye kona za buti na nyuma ya viti, midogo, na mwezi wa Oktoba na Novemba inajaa maua ya mjakaranda yaliyooza. Mimina glasi ya maji taratibu uone yanatokea chini ya gari. Yakisimama, ingiza waya laini wa plastiki. Usitumie hewa ya kompresa kwa nguvu. Bomba la ndani linaweza kuchomoka na hutalijua mpaka zulia lilowe.

Sasa adui mkubwa: silikoni. Raba za magari haya hupakwa mafuta ya silikoni ili zisikauke na zisilie, na mwenye gari mzuri hupaka kila mara. Kila paa linapofungwa, mafuta hayo yanahamia kwenye ukingo wa bati, palepale unapotaka gundi ishike. Shampuu haiyatoi. Spiriti peke yake inayasambaza.

Futa kingo kwa kiondoa nta na mafuta kwa taulo mbili: ya kwanza mbichi inayeyusha, ya pili kavu inabeba kabla hakijakauka. Geuza taulo upande safi kila nusu mita. Rudia mara tatu. Mwisho pitisha spiriti iliyochanganywa, sehemu mbili za spiriti kwa moja ya maji. Kinga raba zenyewe kwa tepu ya karatasi ili zisikaushwe na dawa.

Kama paa lilishawahi kupigwa rangi gereji, bandika tepu ya karatasi, ikandamize, ivute kwa haraka. Ikija na rangi, simama hapo. Stika inashika kwa nguvu kuliko tepu na itakuja na bamba zima siku ya kuitoa. Rangi mpya iache wiki kadhaa itoe hewa yake yote, vinginevyo mapovu yatachomoza kutoka chini.

Umefaulu kama: tone la maji kwenye ukingo linatandaa. Likisimama kama shanga, silikoni bado ipo. Rudi mwanzo wa hatua.

## Hatua ya 4: Andaa mahali, kata vipande

Unahitaji chumba kilichofungwa, sakafu iliyomwagiwa maji kidogo ili vumbi lilale. Stika nyingi nzuri hutaka joto la kati ya nyuzi 16 na 32. Arusha asubuhi ya mwezi wa saba hufikii hapo. Anza saa nne au saa tano, au pasha chumba. Mjini Moshi mwezi wa kwanza shida ni kinyume: gari lililotoka juani bati lake linaunguza kiganja, na gundi inashika kabla hujaipanga. Liache kivulini usiku kucha na uanze alfajiri.

Pima kila paneli peke yake na ongeza sentimita 8 kila upande. Kata zote kutoka roli kwa mwelekeo mmoja, kisha andika nyuma ya karatasi "mbele", "kati", "nyuma kushoto", na mshale wa kuelekea mbele ya gari. Hata nyeusi ina uelekeo wake, na vipande viwili vilivyogeuzwa vinatofautiana jua likivipiga kwa ubavu.

## Hatua ya 5: Bandika paneli ya kati kwanza

Ndiyo iliyo tambarare zaidi, inakupa mkono kabla ya kona. Nguzo za kioo ziwe mwisho.

Kabla ya stika, tandika tepu ya uzi kwenye kila mpaka unaoishia kabla ya raba, ukifuata picha zako. Kwa mipaka hii usitumie wembe kamwe. Wembe unakata rangi na kuacha mstari, maji yanaingia, na kwa magari ya bati la chuma kutu inaanza chini ya stika ambako huioni.

Wewe upande mmoja, mwenzako upande wa pili, mkaze stika juu ya paneli kama watu wanaotandika shuka. Toeni karatasi ya nyuma, ishusheni mpaka iguse katikati. Gandisha katikati kwa kipangusio, kisha sukuma kwenda nje kwa mapigo yanayopandana nusu kwa nusu. Hewa itoke njia moja.

Povu likibaki, inua stika hadi pale, iache ipoe, urudie. Usitoboe kwa pini paani. Maji yanasimama pale.

Kwenye MX-5 punguza hita. Paneli zake ni za plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi, haziondoi joto haraka kama bati, na ukikaa sehemu moja stika inalainika na kuvutika kuliko ulivyotaka. Soarer na Z4 ni alumini. Hizo zinapoa upesi, unaweza kwenda kwa mwendo wa kawaida.

## Hatua ya 6: Kingo

Pumzika kwanza. Kunywa chai. Hapa mkono ukitetemeka unaonekana.

Pale penye tepu ya uzi, kandamiza stika mpaka uone mchoro wa tepu, kisha vuta uzi taratibu kwa pembe ya chini, ukiushikilia karibu na bati. Ondoa ziada, kisha tepu iliyobaki, halafu kandamiza ukingo kwa kidole chenye glavu.

Pale ukingo ulipo huru, simamisha paa nusu, weka mhimili, zima gari. Kata ziada ibaki milimita 5, ikatwe hewani mbali na bati. Pasha kidogo, kunja ndani bila kuvuta. Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayotenganisha kazi ya mwaka na kazi ya wiki. Stika iliyovutwa kwenye mkunjo inakumbuka, na kila jua linapopiga inajaribu kurudi. Iliyolazwa bila kuvutwa haina pa kurudi.

Kwenye kona, usikusanye mikunjo ukaibana. Inua stika, pasha eneo pana kiasi cha kiganja, ivute kuelekea kona kwa pembe, mikunjo ipotee yenyewe, halafu ndiyo ulaze. Ikibaki mikunjo miwili midogo ndani ya mkunjo wa bati, kata kabari ndogo ili tabaka zisipandane. Tabaka mbili hapa na mbili kwenye paneli ya jirani ni unene wa kutosha kusukumana paa linapojikunja.

Kamwe stika moja isivuke ungio halafu ikachanwa katikati. Nililetewa SLK ya fedha iliyofanywa hivyo. Kwa macho maungio yalikuwa yamenyooka kama rula, lakini kingo hazikuwa na mkunjo wowote, zimeishia wazi juu ya raba. Mwenyewe alisema alilifungua paa mara chache tu. Gundi ilikuwa imeishika raba ya katikati na kuichana kipande cha urefu wa kidole. Raba ile ilibidi iagizwe kutoka nje, na gari likakaa chini ya turubai masika nzima. Kijana mwenye gari alikuwa amelisubiri miaka.

Umefaulu kama: ukipitisha ukucha kuanzia kwenye raba kuelekea kwenye stika, haushiki popote.

## Hatua ya 7: Joto la kumalizia

Pasha kila sehemu iliyovutwa, yaani kona na nguzo, mpaka kipimajoto kisome kiwango alichoandika mtengenezaji wa stika. Kwa stika nyingi za kumimina ni nyuzi 100 au zaidi kidogo. Joto hili linaifuta kumbukumbu ya kuvutwa. Kukadiria kwa kiganja hakutoshi. Kiganja kinakimbia kabla ya hapo.

Weka bamba la kadibodi kati ya hita na raba, na mbali na kioo cha nyuma. Kioo kikipashwa upande mmoja kwa ghafla kinaweza kupasuka.

## Hatua ya 8: Usifungue paa

Saa 24 za kwanza, paa lisiguswe. Mimi nasubiri 48, na msimu wa baridi siku tatu. Gundi ya stika inaanza kushika papo hapo lakini inaendelea kukomaa kwa muda, na kingo ndizo za mwisho. Ficha funguo kama lazima. Nazijua familia ambamo kijana amelifungua usiku huohuo kuwaonyesha rafiki zake.

Siku ikifika, fungua paa mara moja taratibu, kisha rudia jaribio la karatasi ukiwa na ile ramani. Katika kufungua huko kwa kwanza, simamisha kila hatua, mwenzako amulike tochi kwenye maungio. Mnatafuta vitu vitatu: stika inayogusa raba, stika inayosuguana na paneli ya jirani, na ukingo ulioinuka. Ukiona kimojawapo, rudisha paa, kata au laza upya. Usijiambie litazoea.

Kisha paka mafuta ya silikoni kwenye raba, kidogo, kwa kitambaa kilichozungushwa kidoleni. Si kwa kupuliza. Ukipuliza yanatua kwenye kingo ulizozisafisha siku nzima. Na yasiwe mafuta yatokanayo na petroli au grisi ya kawaida, kwa kuwa huifanya raba ivimbe na kulegea.

## Hatua ya 9: Barabarani na maji

Nenda Usa River na kurudi, paa limefungwa, kwa mwendo halali wa barabara. Sikiliza. Mluzi mpya juu ya kichwa chako ni ukingo ulioinuka au raba isiyokaa sawa, na sauti inakuonyesha upande. Ukirudi, egesha na mwaga maji kwa bomba lisilo na presha dakika tano, mtu akiwa ndani na tishu kavu akigusa kila ungio.

Umefaulu kama: tishu zote ni kavu, na muda wa kufungua paa haujaongezeka hata sekunde moja ukilinganisha na hatua ya 1.

## Kulitunza

Wiki ya kwanza usioshe. Baada ya hapo mwambie anayekuoshea gari asielekeze mashine ya presha kwenye maungio. Ashike mbali na apige kwa kushuka, asipige kwa kuchoma ukingo. Vumbi lisifutwe kavu. Mwagia maji kwanza.

Kabla ya kufungua paa lililokaa nje, pangusa majani na mchanga juu yake. Kilichoko juu ya paneli moja ndicho kitakachosagwa chini ya nyingine.

Sehemu za juu za gari hupigwa jua moja kwa moja, na watengenezaji wenyewe huzipa dhamana fupi kuliko ubavu. Hapa tulipo, mita kama 1,400 juu ya bahari, jua ni kali hata siku ya ubaridi. Kagua kingo kila baada ya miezi mitatu kwa ukucha, ukianza na kona ile ambayo chaki ilikuonyesha raba imepanda. Siku utakapoona weusi umeanza kupauka au nyufa nyembamba kama za sahani ya zamani, itoe mapema ikiwa bado inatoka kipande kizima: pasha kidogo, vuta kwa pembe ya chini, polepole. Ukingoja mwaka mwingine itatoka vipande vya ukucha, na utakaa nayo wiki nzima.